Gutieri inavuja kila mvua? Anza na mbao ya nyuma, tobo itafuata: namna ya kutengeneza mifereji ya paa hapa Goma

Mvua ikianza kupiga tole, mabati ya paa, usiku, nyumba nyingi za Goma mtu anaamka. Anatafuta mabidoni, anatafuta beseni, anapanga chini ya gutieri, anarudi kulala. Asubuhi yake mama hatashuka ku ziwa, hatangojea chukudu ya maji, watoto wataenda masomo wameoga. Ni maji ya bure imetoka mbinguni, na kitu pekee kilichoifikisha mu bidoni ni ule mfereji wa bati pembeni ya paa ambao hakuna mtu anauangalia mpaka siku umeanguka.

Piga hesabu kidogo. Mvua ya milimeta 1 ikianguka ku meta mraba 1 ya paa inatoa lita 1. Nyumba ya meta 8 kwa meta 6 iko na meta mraba 48, na hapa unapima vile paa inafunika chini, haupimi ule mwinuko wa tole. Mvua ya milimeta 10, na hiyo si mvua ya kutisha mtu, inakupa lita 480. Toa yale yanaruka nje na yale yanalowanisha tole, unabaki na kama lita 400, ni kusema mabidoni 20 za lita 20. Sasa ile gutieri ikiwa imelala upande mubaya ao imetoboka katikati, yale mabidoni 20 yote yanateremka ku ukuta wako. Ukuta wa mbao unaoza, ukuta wa matofali unalowana mpaka ndani na rangi inamenyuka, na chini ya nyumba maji inachimba udongo ule kidogo tuliojaza mu mawe ya lava. Njo maana naandika hii. Nimeona watu wanapoteza nyumba pole pole kwa sababu ya kitu cha kutengeneza siku mbili.

Gutieri zetu zinakufa mbio kuliko za fasi zingine, na iko na sababu. Kule Mombasa, ao kwetu Congo kule Muanda, ni chumvi ya bahari inakula bati. Maji ya Ziwa Kivu haitushambulii na chumvi kama bahari, lakini tuko na Nyiragongo ku mgongo na Nyamulagira nyuma yake. Ule moshi unatoka mu kreta uko na gesi ya salfa na gesi zingine za ukali, mvua ikipita ndani yake inashuka ikiwa na asidi, inakuta zinki ya tole yako, inaanza kuila. Kwanza utaona unga mweupe ku bati, unadhani ni vumbi. Kisha inakuwa alama za kijivu, kisha nyekundu, na nyekundu ikitokea ujue zinki imekwisha, chuma iko uchi. Paa yenyewe inapona kidogo kwa sababu maji inateremka na jua inakausha. Gutieri inabaki na maji, na majani, na majivu yaliyolowana, siku tatu siku nne, njo maana inatoboka mbele ya paa.

Yangu, pale Keshero, nilipachika fasi moja mara tatu. Mara ya kwanza silikoni, mara ya pili kipande cha tole na silikoni, mara ya tatu nikaita fundi akaweka simenti. Kila saison ya mvua tobo inarudi pale pale, ao inatokea sentimeta 10 pembeni. Siku moja akapita sharpantie mmoja mzee, alikuja kwa jirani, nikamuomba aangalie. Hakuangalia tobo hata. Alipanda na bidoni ya maji, akamwaga nusu upande wa juu, akangojea. Maji ikafika katikati ikasimama, ikakaa pale kama bwawa. Akashuka akaniambia: hapa maji inalala, na fasi maji inalala bati itatoboka tu, hata ukiweka mpya leo. Kisha akachomeka turnevisi mu mbao ya nyuma, ile tunaita planshi ya rive, ikaingia kama mu mkate. Mbao imeoza, misumari imelegea, gutieri imeshuka katikati sentimeta 3. Nilikuwa natengeneza tobo miaka miwili na mgonjwa ni mbao.

Kwa hiyo mpango wote wa hii kazi uko hivi: mbao kwanza, mteremko wa pili, tobo ya tatu. Ukiigeuza utatengeneza tena mwaka kesho.

Mbele ya kupanda

Wakati wa hii kazi ni ukavu, kuanzia Juni katikati mpaka Agosti, na ukikosa huo kuna ukavu mfupi wa Januari na Februari. Usingojee Septemba, juu Septemba mafundi wote wanaitwa siku moja na silikoni haishiki ku bati yenye maji.

Ngazi hapa kwetu ni kitu cha kuangalia muzuri zaidi kuliko pengine, kwa sababu chini ni mawe ya lava, haiko sawa hata fasi moja. Usiweke mguu mmoja wa ngazi ku jiwe na mwingine ku tofali ukasema itashika. Tandika mbao nene chini, isawazishe, ngazi isimame juu yake, na mtu mwenye nguvu aishike mpaka ushuke, asiende kujibu simu. Angalia pia waya za kuran. Mu quartier nyingi waya zinapita karibu kabisa na ncha ya paa, zingine zimeungwa na mtu tu usiku, haina hata ngozi. Kama waya inagusa tole ao inakaribia, usipande, kata kuran kwanza ao ita fundi wa umeme aisogeze. Na kipande cha gutieri cha meta 4 ukikigeuza juu ya ngazi kinafika mbali kuliko unavyodhani.

Ukilazimika kukanyaga paa, kanyaga ku mstari wa misumari, pale chini kuna mbao. Katikati ya mistari tole inakunja, na tole ya zamani inakata mguu.

Majivu sasa. Volkano ikitoa majivu, kama mwaka 2021 kisha ule mlipuko wa tarehe 22 Mei, yanashuka ku paa na yanakusanyika mu gutieri. Majivu makavu ni mepesi kidogo, lakini yakilowana yanakuwa mazito sana, yanavuta gutieri chini, na yakikauka tena yanashikana kama simenti. Yatoe yakiwa makavu, na fagio laini na kijiko cha fundi ao kipande cha bidoni ulichokata, weka mu mfuko. Funika pua na mdomo, vaa kitu ku macho, ile vumbi ni vioo vidogo vidogo. Nyunyizia matone kidogo tu ili isipeperuke, usimwagie maji mingi. Na mbele ya kuanza, chomoa tiyo, ile bomba inayoenda ku siterne, tanki ya maji, kama sivyo unafagia sumu yote mu maji ya nyumba. Hii wengi wanasahau.

Mbao

Ukiwa juu, kamata turnevisi ao msumari mkubwa, chomeka planshi ya rive kila nusu meta. Fasi ngumu iache. Fasi inaingia sentimeta 1 bila nguvu, ile imekufa, kata mpaka ukute mbao nzima, kisha ongeza sentimeta 10 zingine kwa usalama. Angalia na ncha za mashevro, zile mbao zinazobeba paa, nyuma yake. Kama shevro imeoza ku ncha tu, haulazimike kufungua paa: kamata kipande cha shevro nzima cha sentimeta 60, kilaze ubavuni mwa ile ya zamani, kaza na misumari mirefu ao bulo mbili, kisha kata ile ncha iliyooza. Watu wanaogopa sana hapa, wanadhani ni kujenga upya, na fundi mwingine atakuambia hivyo. Ni kazi ya asubuhi moja.

Mbao ya kununua: ile ya eukalipti iko rahisi na inapatikana kila kona, lakini ukinunua mbichi itajipinda na itavuta misumari yote, mwezi mmoja gutieri yako inacheza kama nyoka. Ikaushe ku kivuli wiki kadhaa, imelazwa sawa na vijiti katikati, ao lipa zaidi ununue ngumu iliyokauka kama libuyu. Rangi inapigwa mbele ya kupigilia, pande zote sita, na zaidi ku ncha mbili zilizokatwa, juu mbao inakunywa maji kupitia ncha. Kazi nyingi naona wamepaka uso wa mbele tu, ule wageni wanaona, nyuma ni uchi. Ile vidanje, mafuta chafu ya moteri, watu wanapaka kuzuia mchwa inasaidia kidogo, lakini usiipake fasi maji ya kunywa ao ya kuosha vyombo itagusa. Mu mashevro ya ndani sawa, ku planshi ya rive hapana.

Kisha angalia ncha ya tole yenyewe. Tole inapaswa kutoka nje ya mbao, iingie juu ya gutieri kama sentimeta 4 ao 5. Hapa Goma kosa kubwa ni tole fupi, imekatwa sawasawa na mbao ili fundi aokoe franga, ao ilikuwa ndefu na asidi imekula ncha. Basi maji inageuka chini ya tole, inarudi nyuma, inalowanisha mbao, na wewe chini unaona matone unasema gutieri inavuja. Dawa yake ni baveti: kata kipande cha tole laini isiyo na mawimbi, upana sentimeta 20, kikunje kidogo, kisukume chini ya tole ya paa sentimeta 12 hivi, ncha nyingine iteremke mu gutieri. Kaza na misumari ya paa yenye kaushu ya mpira ao na visi. Kitu kidogo, lakini kwangu njo kilimaliza matone yote ya mlangoni.

Mteremko

Maji haina akili, inafuata chini. Kila meta 1 ya gutieri, shusha milimeta 5. Nyumba ya meta 8 upande mmoja, basi ncha ya tiyo iwe chini ya ncha nyingine kwa sentimeta 4. Kwa macho huioni karibu, inaonekana sawa tu, lakini maji inaiona. Ukishusha zaidi, kama sentimeta 15, nyumba inakuwa na sura mubaya na maji mu mvua kubwa inaruka ku ncha. Kama upande ni mrefu kuliko meta 12, fanya kilima katikati, maji igawanyike, tiyo moja kila ncha.

Usiamini mstari wa tole ao wa mbao, nyumba nyingi zimelala kidogo, zaidi zile zilizotikiswa na matetemeko ya 2021. Kamata tiyo ile ya plastiki unaona ndani, ijaze maji mpaka hakuna hewa, mtu mmoja ncha hii mwingine ncha ile, pale maji imesimama pande mbili njo usawa wa kweli. Weka alama, upande wa tiyo shusha sentimeta 4 zako, piga msumari ncha mbili, vuta kamba, na kila krosheti ifuate kamba. Kila moja. Usikadirie ya katikati.

Krosheti ni zile ndoano za fere pla, chuma bapa, zinazobeba gutieri. Watengenezaji wa chuma wa Birere wanakukunjia hata ukipeleka mfano wa karatasi. Ziweke kila sentimeta 50. Najua mafundi wanaweka kila meta 1 ao hata zaidi, na siku ya kwanza inashika muzuri, lakini hesabu uzito: gutieri ya meta 8 ikijaa maji inabeba makumi ya kilo, na ikijaa majivu yaliyolowana ni zaidi tena. Pale maji inaanguka mingi, kama mu kona ya paa mbili zinazokutana, weka kila sentimeta 40. Kitu kingine, mdomo wa nje wa gutieri uwe chini ya mdomo wa nyuma kwa sentimeta 1. Siku mvua imeshinda mfereji, na siku hiyo itafika, maji imwagike nje ku kiwanja, isirudi ku mbao na ku ukuta.

Sasa tobo

Umetengeneza mbao, umetengeneza mteremko, njo unaweza kushughulika na bati. Kwanza uliza kama inastahili. Finya na vidole: bati ikikunja kama karatasi ya daftari, ao ukihesabu matobo manne matano mu meta moja, acha, nunua kipande kipya, utapoteza silikoni na siku. Kama ni tobo moja mbili na bati pembeni ingali ngumu, tengeneza.

Toa kutu na brosi ya chuma, kisha msasa, mpaka uone chuma inangara sentimeta 6 kila upande wa tobo. Osha, kausha kabisa, na ukiweza iache jua la saa mbili. Kata kipande cha bati ya aina ile ile, kipite tobo sentimeta 5 kila upande, kikunje kifuate umbo la gutieri. Kipande kinakaa NDANI, maji ikipita inakisukuma chini kishike zaidi. Kikiwekwa nje maji inakisukuma kianguke, na naona kazi nyingi zimewekwa nje kwa sababu ni rahisi kufikia na ngazi. Tandika silikoni, bana kipande, piga riveti pembe nne na moja katikati ya kila upande, pitisha silikoni tena ku mzunguko na ku kichwa cha kila riveti, isugue na kidole iwe laini ili majani yasikamatike.

Silikoni pia si zote. Iko ile inanuka siki ukiifungua. Ile ni muzuri kwa vioo na aquarium, lakini ule ukali wa siki unakula zinki, unapachika leo na kesho kutu inaanza chini ya dawa yenyewe. Uliza ku kenkayeri ile ya neutre, haina harufu ya siki. Muuzaji akikuambia ni moja tu, fungua kifuniko unuse.

Simenti usiweke. Bati inapanuka mu jua la saa sita na kurudi usiku, simenti haipanuki, inapasuka, na ikiwa mbichi inakula zinki. Lami inashika muda kidogo lakini maji inapata ladha na harufu, kwa nyumba inayotega maji ni hapana. Waya ya shaba usifunge ku gutieri ya bati, hizi metali mbili zikilowana pamoja ile ya bati inaliwa. Funga na waya ya galvanize.

Maungio ya vipande viwili: kipande cha juu ya mteremko kinalala ndani ya kile cha chini, kama magamba ya samaki, sentimeta 10, silikoni katikati, riveti. Ukigeuza, kila ungio ni tobo. Fasi zote ulizokata ao kutoboa, zipake antiruyi, ile ya kuzuia kutu, kisha rangi, juu pale makasi imepita hakuna zinki tena, asidi itaanzia hapo. Lakini ndani ya gutieri inayojaza siterne, chagua rangi isiyo na plomb, ni kusema risasi, na usitumie etani ya kulehemu yenye plomb ku maungio.

Kununua mpya: mabati yanauzwa na namba, BG 28, 30, 32, na namba ikipanda bati inakuwa nyembamba, watu wengi wanadhani ni kinyume. BG 32 mu gutieri ya Goma ni franga ya kutupa. Tafuta 28. Ao ingia mu plastiki, mi mwenyewe upande wa nyuma niliweka plastiki na sijutii, juu asidi haiifanyi kitu. Nyumba nyingi wanapasua tiyo ya PVC ya 110 mara mbili kwa urefu, inatoa mifereji miwili. Inaenea? Kanuni rahisi: kila meta mraba 1 ya paa inaomba sentimeta mraba 1 ya mfereji ukiangalia tumbo lake. Nusu ya tiyo ya 110 iko na kama sentimeta mraba 40, na upande mmoja wa ile paa yetu ya meta mraba 48 ni 24, basi inaenea. Ila plastiki inalegea mu jua kuliko bati, krosheti kila sentimeta 50 bila huruma, na usiikaze ncha mbili ngumu, iachie fasi ya kupanuka milimeta kadhaa, kama sivyo itajikunja katikati.

Tiyo ya kushuka na siterne

Kwa paa ya ukubwa huu tiyo ya 75 inaweza kwa upande mmoja, 110 ni muzuri zaidi kwa sababu majani hayaizibi mbio. Ku mdomo wake weka wavu wa waya uliofanywa kama yai, si wavu bapa. Ule bapa jani moja la avoka linaufunika wote.

Maji ya kwanza ya mvua usiyapokee. Inaosha paa: majivu, mavi ya ndege, asidi iliyokaa. Kadiria nusu lita mpaka lita 1 kwa kila meta mraba, kwa paa yetu lita 24 mpaka 48. Namna rahisi ni kuweka bomba la kando linalosimama wima limezibwa chini, linajaa kwanza, kisha maji safi inapita juu kuelekea siterne, na chini yake unafungua kifuniko kumwaga kisha mvua. Kama haina, geuza tiyo na mkono dakika za kwanza. Baada ya ukavu ao baada ya majivu kuanguka, mvua nzima ya kwanza iache iende.

Na hapa nasema kwa uzito, hasa kwa wenye watoto. Moshi wa volkano unaleta pia fluori mu maji ya mvua, na wale wanaokaa upande upepo unapeleka moshi wanapata zaidi. Fluori ikizidi inaharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanajengeka, njo zile alama za kahawia. KUCHEMSHA HAKUITOI. Maji inapungua, fluori inabaki. Klore pia haiitoi. Kwa hiyo maji ya gutieri tufulie, tuoshe nyumba, tumwagie bustani, na ya kunywa ya watoto tuichukue ku bomba kama unaweza kuifikia, ukiua vijidudu kama kawaida.

Siterne ikijaa maji iende wapi? Usiiache imwagike ku msingi, na usiielekeze ku shimo la choo, litajaa na kutapika. Lava yetu inakunywa mbio, chimba shimo la meta 1 mbali na ukuta meta 3, jaza mawe, elekeza tiyo hapo. Ila kwa jirani hapana. Ndugu zetu wa Bukavu wanajua hii vita kuliko siye, nyumba zimepangana ku mteremko, gutieri ya mtu wa juu inachimba erozio chini ya nyumba ya mtu wa chini, na mwishowe wanaenda kwa chefu wa avenue. Kule hata nusu meta ya tiyo inayoendelea mpaka ku kaniveau, mfereji wa pembeni ya barabara, inaokoa parseli ya mtu.

Kama unaita fundi, patana naye mbele ya kazi mambo matatu: krosheti kila sentimeta 50, kipande ndani, na mtihani wa bidoni. Akikataa ule wa bidoni, tafuta mwingine. Bakisha sehemu ya malipo mpaka mtihani upite.

Mtihani wenyewe: siku moja baada ya silikoni kukauka, panda na lita 20, mwaga pole pole ncha ya juu. Hesabu. Maji iondoke yote, isibaki hata kiganja. Mtu wa chini apitishe mkono kavu chini ya kila ungio na kila riveti. Fasi maji imesimama, pandisha ao shusha krosheti ya hapo, mwaga tena.

Kisha mvua ya kwanza ya kweli ikija usiku, jifunike, kamata torshi, toka nje. Angalia nyuma ya gutieri, katikati yake na mbao, angalia kona, angalia mdomo wa tiyo. Ukiona maji inapita nyuma, chora alama ya chaki ku ukuta, chini ya fasi ile ile, na rudi ulale. Asubuhi utajua pa kuweka ngazi.